Magogo ya Zumari

Kijijini, Machi 14, 2003

Mwanangu Varuzhan,

Hujambo huko Rostov? Mgongo umekuachia? Mimi mzima, ila nimechoka, na uchovu huu si wa kulala ukaisha.

Bungua, wale wadudu watoboa miti, wamerudi. Nimekuta unga wa mbao chini ya miaprikoti mitatu iliyo karibu na banda. Nachokoa matundu kwa waya, naziba kwa pamba ya mafuta ya taa na udongo, kisha napaka shina chokaa. Jirani Zaven ananicheka: "Hripsime, miti umeivika soksi, viatu lini?"

Lakini kuna jambo kasema likaniuma. Anasema bungua wanatoka bandani, kwenye magogo ya kuchongea zumari aliyoyaacha marehemu baba yako yakauke. Ati niyachome kabla ya Juni, hawajaota mabawa. Nifanyeje?

Mama yako


Rostov, Aprili 6, 2003

Shikamoo Mama,

Mgongo ni ule ule. Lami haina huruma.

Mama, nakuomba, magogo usiyaguse. Baba aliniambia yakikauka miaka mitano ndipo yataimba, na bado mitatu. Ni ya ile miaprikoti ya zamani iliyotufia, hatutapata mingine. Mimi sitamwaga lami mpaka kaburini. Nikirudi nitachonga, kama alivyonifundisha. Mti mkavu bungua atakula nini? Huyo Zaven anatamani kuni za bure tu.

Agosti nakuja. Vumilia.

Mwanao


Kijijini, Juni 21, 2003

Mwanangu,

Salamu. Kula vizuri, usishindie chai.

Nilikutii. Juzi asubuhi nilifungua banda nikakuta mbawakawa weusi wakitoka kwenye gogo ambalo baba yako aliliandika jina lako kwa chaki. Niliwaponda kwa kiatu hadi sitini, mkono ukachoka. Waliobaki wakaruka kuelekea mitini.

Bado sijachoma. Nakungoja Agosti uje uone kwa macho yako.

Mama yako


Kijijini, Machi 2, 2004

Varuzhan,

Natumaini u mzima. Agosti ilipita, Krismasi ikapita, barua hakuna. Sikuulizi sababu.

Miti ilikuwa kumi na tisa. Imebaki minane.

Jana niliyachoma magogo yote. Nilipopasua gogo la kwanza kwa shoka la baba yako, ndani alikuwamo funza mweupe, mnene, yu hai, anatafuna taratibu kama mwenye nyumba. Nikalia. Kisha nikakasirika: na baba yako aliyeyaweka, na wewe uliyenizuia, na mimi niliyejua nikanyamaza. Zaven alikuja kunisaidia kubeba. Hakutania, wala hakuomba hata kijiti.

Sikutaka moto ule upotee bure, nikawasha tanuri. Nimeoka kutwa nzima. Mikate ninayokutumia imeokwa kwa kuni hizo. Itafika imekauka; inyunyizie maji, funika kwa kitambaa, italainika. Kula na mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja.

Visu vya kuchongea vya baba yako vipo, nimevipaka mafuta nikavifunga. Lakini magogo ya kukungoja hayapo tena, mwanangu. Nipo mimi, na ndoo ya chokaa, na miti minane ambayo peke yangu siiwezi.

Ukija, njoo kabla ya Juni.

Mama yako