Maji ya Namugongo, Chupa Nusu

Bibi,

Shikamoo. Nilirudi Mbagala juzi, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi siku mbili.

Nilikwenda Namugongo, kule Uganda, kwa nafasi yako. Ulifariki wiki tatu tu kabla ya hija, na orodha hawakuibadilisha. Kila tulipopanda basi, Mama Deo, katibu wa jumuiya, aliita, "Bibi Skola!" nami nikaitika, "Nipo." Mara ya kwanza basi zima liligeuka kunitazama. Baadaye walizoea, wakawa wananitania: "Bibi, magoti yameamkaje leo?" Nilicheka nao.

Nikuambie ukweli. Tangu tukuzike sijalia. Shangazi alisema mbele ya watu, "Huyu mtoto ana moyo mkavu." Nilidhani nikifika kwenye Basilika nitalia, ndipo nitajua kwamba nilikupenda.

Ni ya duara, Bibi, na paa lake limechongoka kama msonge. Nilikaa ndani na rozari yako. Dada aliyekaa kando yangu alilia hadi mabega yakatikisika. Mimi nilisali punje kwa punje kama ninayesoma jedwali la kuzidisha. Hakuna kilichokuja. Nikatoka.

Nikaenda kwenye kile kiziwa kando ya Basilika kuchota yale maji uliyoyasema mwaka mzima. Nilijaza chupa yako ya kijani, nikaitia begini juu ya nguo.

Tulipovuka mpaka, begi lilikuwa linachuruzika. Mama Deo akapaza sauti, "Jamani, Bibi Skola kajikojolea!" Watu wakaangua kicheko. Nikaitoa chupa. Kifuniko sikukikaza.

Bibi, nilikiacha vilevile nilivyokuwa nakiacha kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kimekaa tu juu, ili vidole vyako vinavyouma visihangaike. Sikufikiria. Mikono ilifanya yenyewe.

Yalibaki maji nusu. Niliipakata ile chupa hadi Bukoba. Sikulia hata hapo. Ila maneno ya Shangazi hayakunichoma tena kama mwanzo, na usiku huo nililala usingizi.

Pumzika, Bibi. Jumapili baada ya misa nitakuletea hiyo nusu pale kaburini. Kifuniko sitakikaza. Nitaibeba chupa mkononi, wima, njia nzima.

Mjukuu wako,
Neema