Sisi Hatufugi Mbwa

Baba yangu,

Uzio wako pale Carama uko mtupu. Mbweha watatu uliotuachia waliuawa Jumatatu, na waliuawa kwa sababu ya maneno yangu. Nimeanza na hilo kwa kuwa hukupenda mtu anayezungukazunguka.

Najua hukunizoea kwa maneno mengi. Uliwaambia wageni, "Huyu wangu, Zena, mukitaka kusikia sauti yake mulipe tiketi ya pili." Walicheka, nami nikakimbilia nyuma ya gereji. Leo nitasema yote, na polepole, maana mengine bado yananikwama.

Mama anasema nilikuwa natambaa ulipoanza. Ulikuwa na gereji tu kando ya barabara. Dereva mmoja wa lori alikuletea watoto wawili wa mbweha ndani ya katoni ya sabuni. Alikuwa amemgonga mama yao, akashindwa kuwaacha barabarani. Uliwanywesha maziwa kwa kitambaa, wakakua na kuzaana. Watu wa Buyenzi, ulikokulia, walikusema mpaka msikitini: fundi mzima, Mwislamu, anafuga mbwa. Ukawajibu, "Mbwa ni ya jirani. Hizi ni mbweha." Lakini kila jioni, kabla ya sala, ulinawa mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuhusu mate ya mbwa. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Mungu anajua jina lao kunishinda."

Kibao cha kuwaita wageni waje kuwaona kwa tiketi alikuandikia mwalimu aliyeleta pikipiki yake. Hakujua mbweha anaitwaje kwa Kifaransa, akaandika PARC DES LOUPS, bustani ya loup, yaani yule mbwa mwitu mkubwa wa vitabu vya shule anayekula kondoo. Nilipofika sekondari nikajifunza kwamba mbweha ni chacal, nikaja kukuambia. Ulifuta mikono yenye grisi ukaniambia, "Mutoto wangu, hakuna mutu atasimamisha gari juu ya chacal." Kweli walisimama. Jumapili zilikuja familia kutoka Mutanga Sud, watoto wamevaa nguo zilizopigwa pasi, na baba mmoja akanung'unika, "Mzee, hii loup yako ni kambwa kamekosa chakula." Ukamwambia, "Ingiza kidole basi, kakueleze kenyewe." Shuleni waliniita Madame Loup miaka yote. Sikukuambia kamwe. Ulikuwa unafurahi sana siku hizo.

Kisha mafuta yakaadimika mjini. Magari yakapungua barabarani, na wageni wakapungua pamoja nayo. Ulikwenda mwenyewe kwa wachinjaji kuomba mifupa. Uzio ukaliwa na kutu, ukawa unaziba matundu kwa nyaya za breki. Mbwa wa mitaani wakaanza kuja kunusana na mbweha pale kwenye matundu. Ndipo mmoja alipomng'ata yule jike mwenye sikio lililochanika.

Wiki chache baadaye yule jike hakuwa yeye. Aliacha kuogopa watu. Alitafuna waya mpaka fizi zikatoka damu. Uliingia kumpa maji, akakuuma mkono, chini ya dole gumba.

Mimi ndiye niliyeshika birika. Ulichota udongo pale pale, ukasugua, ukasema, "Mwaga." Nikamwaga, nawe ukahesabu mpaka saba. Kisha ukajifunga kitambaa na kuniambia, "Imeisha. Mama yako asijue. Watu wa serikali wa mifugo wakisikia watazipiga zote risasi." Nikaitika kwa kichwa. Siku ya tatu yule jike akafa, ukamzika nyuma ya gereji. Wageni ukawaambia amepelekwa kuolewa.

Baba, ulipona. Ndivyo nilivyofikiri. Kidonda kilikauka vizuri kabisa.

Halafu mkono ukaanza kukuwasha. Ukawa huvumilii upepo. Asubuhi ile ulivuka barabara kwenda kwa Mama Nadine, mwenye kibanda cha chai na ndagala, dagaa wa kukaanga, kama ulivyofanya kila siku. Ulipeleka glasi mdomoni, koo likakaza, ukaitupa ile glasi mbele ya watu wote.

Hospitalini daktari aliuliza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili, "Aliumwa na mbwa?" Mama akajibu haraka, kwa heshima yenye kuudhika kidogo, "Apana, dokta. Sisi ni Waislamu, hatufugi mbwa." Hakudanganya. Neno hilo lilikuwa lako. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai usiyoweza kuinywa. Daktari akanitazama na mimi. Nikatazama chini.

Ulikuwa bado unasikia, Baba. Nilidhani nikisema nitakuwa nimekusaliti ukiwa unanisikia.

Ulifariki kesho yake adhuhuri. Sitaandika jinsi ilivyokuwa.

Kabla matanga hayajaisha watu walikuwa na maneno yao. Mtu ana afya, anakunywa chai, anatupa glasi, siku ya tatu anazikwa. Baba Mkubwa alisema wazi barazani, "Ndugu yangu amerogwa. Kila mutu anajua nani alimupa ile chai." Vijana wakabomoa kibanda cha Mama Nadine. Siku nyingine wakarusha mawe juu ya bati lake, watoto wakiwa ndani. Aliondoka na virago vyake kwenda kwa dada yake Kibenga. Alipita mbele ya gereji, nami nikajificha nyuma ya lile lori bovu. Mwanamke aliyekuwa akikuwekea andazi la moto kila asubuhi. Nikajificha.

Hata pale sikusema. Nilikuwa na mtihani wa mwisho, nikajiambia nitasema baadaye. Nimeufanya. Sijui nimeandika nini.

Siku ya dua ya arobaini Baba Mkubwa alisimama tena. Alisema amempata huyo mwanamke alipo, na baada ya pilau wataenda watu sita. Wanawake tulikuwa nyuma ya shuka. Nilihisi miguu yangu inasimama kabla yangu. Nikavuka lile shuka, nikaingia kwa wanaume. Nikasema, "Aliumwa na mbweha. Mimi nilimwagia maji." Sauti ilitoka ndogo, Baba Mkubwa akasema, "Nini?" ikabidi nirudie, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nikawaambia mkono gani, na mahali yule jike alipozikwa. Hakuna aliyenyanyuka kwenda Kibenga.

Mama alikuwa amenifuata. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?" Nikasema ndiyo.

Watu wa mifugo walikuja Jumatatu. Kazi yao haikuchukua muda. Mimi na Mama tumepelekwa kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, na bado nyingine zimebaki. Muuguzi, mama mtu mzima, alinisikiliza habari ya udongo na zile mara saba. Hakucheka. Alisema, "Kuosha mulifanya vizuri. Angeosha, halafu akuje hapa siku ileile." Natamani angecheka.

Jana nilikwenda Kibenga. Mama Nadine alikuwa anachambua maharage uani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mimi nilimlilia baba yako huku nimejifungia, ili wasiseme ninajifanya." Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Binti yake Nadine alikuja akachungulia, mama yake akamwambia, "We, ingia ndani." Nikaaga.

Nyumbani Mama ananisalimia, lakini hatuli tena sahani moja. Baba Mkubwa anataka nihamie Rumonge kwa shangazi, mpaka Mama apoe. Ameshaongea na mwenye basi. Nimekataa. Ni mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima, na nimefanya vibaya, huku nikilia.

Sikulaumu, Baba. Wakati mwingine nakulaumu. Asubuhi ni nyepesi, mchana sivyo. Mwenyezi Mungu akusamehe ile siri, anisamehe na mimi niliyeitunza. Pumzika sasa, wanyama wako hawana njaa tena.

Ninakuahidi kwamba nitabaki na Mama. Ameniuliza kama nilijua, bado hajaniuliza kwa nini nilinyamaza. Atauliza. Siku hiyo sitakusingizia wewe, wala sitajitetea kwa umri wangu. Nitamwambia yote, na hata akinifukuza, nitamaliza kumjibu kwanza.

Binti yako,
Zena