Marahaba Zote Isipokuwa Moja

Jumatatu, 8 Julai 2024

Barua imefika. Kila maktaba ifungue ukurasa mtandaoni na "kushirikiana na wasomaji". Nimeisoma mara tatu. Miaka ishirini na tisa nimeshirikiana na wasomaji kwa kuwaambia wanyamaze.

Mafunzo siku mbili, kuanzia kesho. Filipo, mlinzi wetu, kaniuliza kama nitarudi najua kucheza zile ngoma za kwenye simu. Nikamwambia akafagie. Mafunzo yenyewe ni Mikumi. Mikumi! Miji yote imekwisha.

Jumanne, 9 Julai

Mwalimu wetu anaitwa Lightness. Umri wa binti yangu Regina. Anafundisha huku anatafuna bigijii, lakini kaniamkia vizuri, sina ubaya naye.

Hadi saa sita nilikuwa nimepiga picha kumi na moja za matundu ya pua yangu. Nikajirusha laivu bila kujua – dakika nne za dari la ukumbi, na sauti yangu nikimwuliza wa pembeni kama chai ya saa nne ingekuja na kitafunwa. Watu sita walitazama. Mmoja kaweka moyo.

Kisha kila mmoja aandike bandiko lake la kwanza. Langu: TANGAZO. WANANCHI WOTE MNAJULISHWA KUWA MAKTABA IKO WAZI. Lightness akalisoma, akasema kwa upole kwamba linasomeka kama kuna kipindupindu.

Alichosisitiza zaidi: kila anayekuja ukurasani ajibiwe. Asiyejibiwa haondoki tu, anaondoka na kinyongo. Nimepiga mstari chini yake. Hilo peke yake ninaliweza. Nimelelewa.

Jumatano, 10 Julai

Mchana nilivuka barabara kuu kutafuta maji ya kunywa, nikaliona duka la Regina na mumewe. Dawa za mifugo. Nikasimama ng'ambo nikijifanya nasoma simu. Mimi, kusoma simu! Hakuna aliyetoka.

Niandike basi, daftari hili halina msomaji. Miaka minne iliyopita Regina alimleta Kimaren maktabani. Kijana wa kifugaji, shati limepigwa pasi. Akasimama mbele ya meza yangu akasema shikamoo mama. Nikaendelea kugonga mihuri. Gonga, gonga, gonga. Wiki ile ng'ombe walikuwa wamelala ndani ya mahindi ya kaka yangu Elia kule Masanze, ekari mbili zote chini. Hawakuwa ng'ombe wa kina Kimaren. Kwao ni upande mwingine kabisa. Nilijua, na bado niligonga.

Wakatoka. Regina hakurudi tena. Ndoa yao niliisikia kwa watu. Namba kabadilisha. Na mji mzima bado unaniita Mama Regina.

Nilinunua maji, nikarudi ukumbini kujifunza alama ya reli, hii #.

Ijumaa, 12 Julai

Kilosa. Nimeweka swali ukurasani kama tulivyofundishwa, fupi na lenye uchokozi: "Ni kitabu gani uliazima maktabani hukukirudisha? Sema kwa uhuru. Hutakamatwa." Nimeweka na picha yangu nimesimama kando ya kabati lenye mapengo.

Hadi jioni komenti mbili. Zote za Filipo.

Jumamosi, 13 Julai

Mungu wangu, imesambaa!

Wako Berega, wako Dar, mmoja yuko Oman. Daktari wa Dodoma anakiri kamusi. Mwanasheria – mwanasheria! – anakiri atlasi, tena anayo mpaka leo, imeshikilia mguu wa friji. Na wote wanaanza hivyo hivyo: Shikamoo Mama Regina. Nifanyeje? Mtu kaniamkia, nimpite? Najibu. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Uji umepoa, kidole gumba kinauma. Nimekaa kitako napokea heshima kama bibi harusi anayepokea pongezi, na sitasema uongo, nimefurahia kila moja.

Saa tisa hivi nikamfikia huyu:

"Shikamoo mama. Ni Kimaren wa Mikumi. Nikiwa kidato cha tatu niliazima hapo kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Mimi nilikirudisha."

Ni kweli alikirudisha. Kipo, rafu ya chini. Zaidi ya wezi mia moja nimeshawapa marahaba, na aliyerudisha ndiye kidole kimemgomea. Nikajiambia huyu si mtu wa kujibiwa haraka haraka. Nitamjibu kesho, kwa utulivu, maneno ya kueleweka. Nikampita, nikaendelea na wa chini yake.

Jumapili, 14 Julai

Jibu nimelitunga kanisani. Mahubiri yamenipita yote, sijui hata somo lilikuwa lipi. Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, nikaandika: Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Nikabonyeza.

Ukurasa ukakataa. Maandishi mekundu. Nimezuiwa kuandika chochote kwa siku saba, kwa sababu shughuli zangu hazifanani na za binadamu.

Nikampigia Lightness. Alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Ule mtambo umeona mtu kaandika neno lile lile mara mia moja arobaini na moja kwa siku moja, ukajua ni roboti. Walioutengeneza hawajui marahaba, akasema. Nikamwuliza kama watu bado wanaona yaliyoandikwa.

"Wanaona kila kitu, mama. Ila wewe ndiyo huwezi kuongeza."

Kwa hiyo kila shikamoo ina marahaba yake chini, wazi, dunia nzima inaona. Isipokuwa moja.

Jumatatu, 15 Julai

Wameona.

Kuna aliyeandika chini ya Kimaren kwamba mama kamjibu kila mtu, kamruka Mmasai. Basi yakaanza. Wengine wananitetea, eti mama mtu mzima, macho hayo, hakuona. Wengine, na hawa ndio walioninyima chakula cha mchana, wananipongeza. Safi sana Mama Regina, hao wametumalizia mashamba. Mioyo. Madole gumba. Mafunzo yote yale nilikuwa natafuta mioyo, haya, nimeipata.

Ningependa kumsingizia roboti. Lakini roboti hakumruka mtu. Nilimruka mimi, yeye kaja nyuma yangu kufunga mlango.

Elia kapiga simu kutoka Masanze kusema nimefanya vizuri. Nikamwambia sikufanya vizuri, na wale ng'ombe hawakuwa wa kwao, na yeye anajua. Akasema mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri. Nikamwambia ndiyo, zilikuwa nzuri.

Regina lazima ameona. Nimewaza hilo tu siku nzima. Ameketi huko na mumewe, wanasoma marahaba moja moja wakitafuta yao. Nimejionea aibu.

Jumanne, 16 Julai

Lightness kanishauri nifungue akaunti nyingine. Nimefungua. Nywila ikakataliwa mara tano, eti ni dhaifu. Nikaweka namba yote ya usajili ya kamusi moja kubwa, ikakubali. Akaunti haina picha, haina rafiki hata mmoja, na kwa akili zangu nimeiita kwa jina langu, Paulina Halisi.

Nikaandika chini ya Kimaren: Marahaba mwanangu, huyu ni mimi kweli.

Dakika tatu hazikuisha. Tapeli huyo, jamani msimjibu! Mwingine akasema anamjua, ndiye aliyemwibia shangazi yake. Halafu akaunti ikafungwa. Saa nane Filipo kaja mezani kwangu, kifua mbele, kunieleza kwamba kuna mtu anatumia jina langu na yeye kamripoti, kahamasisha na wenzake kijiweni wamripoti. Nikamshukuru. Ningesemaje?

Lightness akasema basi yeye atamwandikia Kimaren kwa niaba yangu, kwa akaunti yake. Nikakataa. Marahaba haitumwi mtu.

Nimekaa na simu mpaka betri ikaisha. Siku saba zinaisha Jumapili. Ningeweza kusubiri Jumapili. Nimesubiri miaka minne, siku tano ni nini? Ndivyo nilivyojiambia na Jumamosi, neno kwa neno. Kesho naenda.

Jumatano, 17 Julai. Mikumi, saa tano asubuhi

Nimefika. Funguo nimemwachia Filipo, nimemwambia naumwa, jambo ambalo si uongo sana. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba, ina mwanzo na mwisho, inataja hata mtambo na yale maandishi mekundu. Yote imepotea mlangoni pa duka.

Kimaren alikuwa anamweleza mama mmoja kipimo cha dawa ya kupe. Akaniona. Akamaliza maelezo yake, hakuruka hata neno. Kisha akatoa stuli, akaifuta kwa kiganja, akaniwekea pembeni ya kaunta. Hakuniamkia. Nikakaa, bibi mzima na mkoba wangu magotini kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu.

Chini ya kaunta kuna kandambili za mtoto, ndogo sana. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Yule mama ameondoka, kaingia mteja mwingine, kijana mwenye fimbo. Nimetoa daftari hili ili nipate pa kuweka macho. Pengine wanadhani nimekuja kukagua duka.

Kijana kageuka kaniona. "Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, hata sijafikiri. Ilitoka yenyewe, nyepesi, kwa mtu nisiyemjua hata jina. Kimaren akainua kichwa. Akanitazama. Akarudi kwenye chupa zake.

Nasikia sauti ya Regina uani. Anaongea na mtu, anacheka. Hajui nipo.

Kijana kachukua dawa yake, katoka.

Tumebaki wawili. Mdogo ndiye huanza, nimewafundisha hivyo watoto wa watu maisha yangu yote. Huyu ameshaanza mara mbili. Sasa kaweka mikono juu ya kaunta, katulia, ananisubiri mimi.