Mama Amegoma Kukaa

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi zikukute wewe na mkeo, na huyo aliye tumboni. Mimi mzima, isipokuwa makalio, na habari za hayo haziandikiki.

Najua umenuna. Simu niliiacha kwenye droo makusudi, maana ungenipigia kila kilima. Sikuibwa wala sijachanganyikiwa. Miguu iliniwasha, nikapanda baiskeli yangu nikaondoka.

Juzi mnyororo ulikatika. Mama mmoja mchomea vyuma akaniita karakanani kwake, akanipa koleo: "Shika hapo, dada, nivute." Ulipounganika, akanisogezea kisu na vitunguu nikate. Nililala kwake fofofo.

Niandikie posta ya mji ule ambapo lami inaishia.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Huku wazima kwa nje, ndani hatuna amani.

Una miaka sitini na moja! Thelathini umewapikia watoto mia nne wa shule, nikasema sasa basi, upumzike. Una chumba chako, televisheni, na binti wa kazi wa kukuletea hata maji. Kosa langu liko wapi? Unalala kwa watu usiowajua, na mimi nikiulizwa nasema kasafiri, naona aibu kutaja baiskeli.

Mtoto atakuja mwisho wa Aprili. Unajua mke wangu hana mama, anakutegemea wewe. Panda basi urudi, tafadhali.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hasira imepoa kidogo. Ukali huo ni wa marehemu baba yako mtupu.

Wiki hii mvua ilinilowesha chapachapa. Mzee mmoja, mlinzi wa ghala, akanifungulia kibanda chake, akawasha jiko, akanipa koti lake nivae. Halafu akasema, "Mgongo unaniuma, nipikie na mimi." Nikapika. Akaonja, akasema chumvi imezidi! Nilitaka kulia kwa furaha.

Kwako nani aliwahi kuniambia chumvi imezidi? Mwiko wenyewe sikuruhusiwa kuushika. Mama kaa. Mama acha. Mama utachoka. Nilikaa mpaka nikawa nasikiliza friji ikinguruma. Hawa watu baki wananipa malazi na kazi juu, na wala hawanijui jina.

Mkeo nampenda, mwambie. Ila kurudi nikae kwenye kochi nimtazame mjukuu wangu akiogeshwa na wengine, hapana, siwezi. Naendelea mbele. Barua zijazo zipeleke posta ya ule mji wenye daraja la chuma.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Uko wapi leo? Umekula?

Barua yako ilinikasirisha siku tatu nzima. Ya nne nikamsomea mke wangu, akasema aliwahi kukukuta bafuni umejificha unafua leso moja, kimyakimya, akaona haya kuniambia. Tangu hapo kalamu ikawa nzito.

Mama, amezaliwa. Msichana, ana sauti ya spika. Binti wa kazi amekwenda kumuuguza dada yake. Mke wangu hawezi hata kukaa vizuri. Maji ya kuoga nikichanganya yanakuwa moto, nikipunguza yanakuwa baridi. Uji nimeunguza mpaka sufuria imekuwa nyeusi. Mtoto namshika kama yai, naogopa shingo.

Sikuambii urudi upumzike. Nimeshindwa, Mama. Njoo unisaidie.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Marahaba, baba mtu! Hongereni. Mama mtoto mpe pole na busu.

Naandikia pajani. Dereva wa lori la mbao amegeuza safari yake kwa ajili yangu, na baiskeli tayari iko juu. Alhamisi mchana nitakuwa hapo, na barua hii ikichelewa mtaniona mimi kwanza. Maji yapime kwa kiwiko, si kwa vidole. Shingo iegemeze kwenye kiganja, wala usitetemeke, anasikia.

Na hiyo sufuria iliyoungua msiiguse. Ni yangu.

Bibi yake