Bibi Yangu Anataka Kuona Escale Yangu

Mupendwa mushauri Mama Mariette, ninalomba unisaidie mbele bibi yangu afunge valise ya safari, juu akiisha kuifunga nimekwisha.

Mi ni mwanaume wa myaka makumi ine na nane, niko naishi Butembo, mu commune ya Mususa, nauzisha pièces za pikipiki mu magazini yenye bibi yangu anachunga nikisafiri, na mara mbili kwa mwaka naenda Dubai kuleta mali. Tunapita Kasindi mupaka Entebbe, na kutoka pale kuko njia mbili: ndege ya directe, masaa tano umefika, ao ile ya escale, yenye inakushusha Addis-Abeba na unangojea pale masaa kumi na moja mbele ya kupanda ingine. Safari ya kwanza nilikamata ya escale juu ilikuwa bei chini, ile ni kweli, Mungu ni shahidi. Lakini Mama, mu nyumba yetu tuko batu kumi, mi na bibi yangu Kavira, batoto batano, mama yangu mwenye ugonjwa, na bashemeji babili benye balikimbia vita ku Kamango, na pembeni ya lupango kuko atelier ya soudure, banapiga byuma kutwa, na kila saa naitwa, "Papa, unga imeisha", "Papa, minerval ya masomo", "Papa, Sadrack amepiga mudogo wake", na ile siku ku Addis nikakuta kiti moja murefu karibu na dirisha, nikatosha biatu, nikakula mayai yenye Kavira alinichemushia, nikalala, nikaamuka, na hakuna mutu aliniita. Hata mumoja. Nikalia, Mama. Mwanaume mukubwa, na yai mu mukono.

Tangu pale sijakamata directe hata mara moja. Myaka ine. Kila mara namuambia Kavira: "Nitateseka, bibi yangu, lakini tunapashwa kuchunga feza," na yeye ananionea huruma, ananiongezea mayai, hata mu kanisa anashuhudia vile bwana yake anajinyima juu ya jamaa.

Sasa mwezi uliopita bei ikageuka, directe ikakuwa chini, na mi nikakubali kuongeza dola makumi tatu ili nipate escale yangu. Kavira akapita ku agence ya ndege kunikamatia billet, na ule binti wa kule, Bénie, akamuambia bila ubaya yoyote: "Mama, ya directe njo iko bei chini, lakini papa aliikataa, alilomba ile yenye kukawia zaidi."

Kavira akarudi nyumbani. Aliweka sahani mezani, akaniuliza: "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Ule wa Addis."

Nikamuambia hakuna mutu kule.

"Melchior, mutu hawezi kulipa zaidi juu ya kungojea."

Kesho yake akauzisha mbuzi zake ine na biazi yote ya shamba yetu ya Musienene, akakamata billet yake, ndege ileile, kiti pembeni yangu. Anasema tutaikala wote masaa kumi na moja, aone nani atakuja kunisalimia. Sasa nikimuambia ukweli, kwamba nalipa ili nipumzike mbali na yeye na batoto, itamuuma kuliko muke wa inje. Pasta wetu, mwenye Kavira alimuelezea, ameisha kuniita nitubu, na franchement nimefikiri nikubali tu uzinzi, nilombe musamaha, yaishe. Nifanye nini?

Melchior, Mususa

*

Papa Melchior, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili, hapana.

Usikubali uzinzi wenye haukufanya! Kavira atakulomba jina ya ule muke, na utaitosha wapi?

Nakuelewa. Batu kumi na soudure, hata mi ningelia. Kutafuta kimya haiko zambi. Zambi ni bongo, ule uongo wa myaka ine, na zaidi ile ya kumuacha bibi yako asimame mbele ya kanisa kushukuru Mungu juu ya mateso yenye wewe uliikala ukilala ndani yake.

Lakini kuko kitu kimoja nimetafuta mu barua yako na sikukiona. Ukiwa mu kile kiti, Kavira yeye ako wapi? Bale batu banane bengine, banaita nani? Umekuwa mara nane ku Addis, papa. Yeye amepumzika mara ngapi?

Basi, sikiliza. Leo, batoto bakiwa ku masomo, mukalishe umuambie yote, na ile ya machozi pia. Usiseme "nilikukimbia". Sema "nilichoka na nikaona haya". Atakasirika, umuache akasirike, usijitetee. Kisha uende ku agence, ulombe Bénie atoshe jina yako ku ile safari. Ya Kavira ibaki. Umupe liste ya pièces, anazijua, yeye njo anachunga magazini ukisafiri, na bamama ba Butembo banaenda Dubai kila mwezi, hatapotea. Wewe ubaki Mususa, upike, utenganishe batoto, upeleke mama yako ku dawa.

Na akifika Addis, usimupigie simu. Akipenda, atakupigia yeye.