Barabara Imetengenezwa

Jumatatu, 1 Septemba
Nimempeleka Zaina sokoni na beseni lake la pondu, majani ya muhogo anayouza, kama kila asubuhi. Toka kwetu Mangobo mpaka soko kuu pikipiki yangu nyekundu haikugusa shimo hata moja. La mbele ya mwoka mikate unalipita kulia, la msikiti kushoto, na yale ya karibu na shule unapenya katikati. Zaina nyuma anasinzia. Mke wangu huyu angelala hata juu ya kamba. Abiria nao wananisifu, eti ukipanda na Ramazani unaweza kubeba mayai. Nacheka nao. Hawajui. Tangu mvua za mwaka jana naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni hakuna kitu. Si giza, hakuna tu. Barabara naiendesha kwa kichwa.

Jumapili, 7 Septemba
Mtoni Tshopo, kuosha pikipiki. Sisi wanne wa kituo kimoja, kila mmoja na yake, hakuna anayemfanyia tajiri kazi. Ukimaliza kuosha unampa mwenzako funguo, anaizungusha mpaka darajani, anarudi kuitukana. Mnyororo umelegea. Breki zinalia. Injini inakohoa kama babu yako. Ndiyo raha yetu ya wiki. Leo rafiki yangu Bolamba, mtu wa Isangi, kaja na mpya yenye taa za rangi, akanipa funguo za kwanza. Heshima kubwa. Nikasema mgongo unauma. Pikipiki ngeni, njia nisiyoijua vizuri, watu na mbuzi pembeni. Hapana. Akauliza mgongo gani. Nikamkasirikia bure.

Alhamisi, 11 Septemba
Hospitali. Sikumwambia Zaina. Daktari, binti mdogo, alinyanyua vidole pembeni, nikawa nakisia. Akajua nakisia. Anasema macho yameharibiwa na ugonjwa wa wale nzi wadogo weusi wa maporomoko, tuliowapiga makofi miguuni utotoni bila kujali. Hakuzunguka. "Papa, yenye imeenda haitarudia. Dawa itazuia ingine, peut-être, labda. Lakini moto, donc, basi."
Basi na pikipiki! Mwepesi wa kusema. Nusu ya maisha yangu iko juu ya kile kiti. Sijui kazi nyingine wala sitaki kuijua. Nimerudi nyumbani kwa hasira, nikiendesha.

Jumatatu, 15 Septemba
Greda limekuja. Kubwa, la manjano, na malori ya udongo mwekundu nyuma yake. Mtaa mzima nje. Akina mama wanapiga vigelegele, Zaina mbele yao. Miaka yote tumelia kuhusu barabara hii, na pale kituoni hakuna aliyelalamika kunishinda. Sasa nimejibiwa. Limefukia shimo la msikiti. Limefukia yale ya shule. Jioni palikuwa sawa kama meza, hakuna pa kushika. Bolamba alinikumbatia kwa furaha. Nilitaka kumsukuma. Yale mashimo ndiyo yaliyokuwa macho yangu, na nimesimama pale nikitazama yanafukiwa huku watu wanacheza.

Jumatano, 17 Septemba
Nimesukuma pikipiki mpaka barabarani, nikasimama. Wenzangu wanapita kasi, honi juu ya honi. Sikujua pa kuanzia. Nimerudi ndani, nikasema homa. Zaina amekwenda sokoni na Bolamba. Wivu umenishika, kwa rafiki yangu mwenyewe. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 19 Septemba
Leo nimempeleka mwenyewe. Ubishi tu. Nilijiambia barabara iliyosawazishwa haina siri.
Hatukufika msikitini. Mafundi wameacha rundo la udongo ukingoni, na mimi nilikuwa ukingoni nikidhani niko katikati. Zaina amevunjika mkono. Pondu yote chini, watu wanaikanyaga. Mimi sina hata mchubuko, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Alikaa vumbini ameshika mkono wake. Hakulia, akaniita kwa jina la mtoto wetu.
"Papa Asha, ile udongo iko mukubwa sawa nyumba. Haukuione?"
Nikasema sikuiona. Mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu.

Jumapili, 21 Septemba
Mkono uko kwenye plasta. Nimemwambia yote, na hospitali pia. Amenitukana vizuri, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Ana haki. Mkono haumuumi kama hili: kila asubuhi alilala mgongoni kwangu akiniamini, na dereva haoni. Jirani ndiye aliyetupikia. Wakati wa kula nikasema nitaiuza. Hakusema hapana. Nilitaka aseme hapana.
Mtoni sikwenda.

Jumamosi, 27 Septemba
Aliyenunua ni shemeji yake Bolamba, mvuvi wa Isangi aliyechoka na nyavu. Kijana mpole. Aliniuliza inapenda mafuta gani, kama vile anaposa. Tumeipakia kwenye boti asubuhi. Bolamba aliivuta juu ya ubao, mimi nikashika kiti kwa nyuma, mazoea. Zaina alikuja nami, mkono umening'inia shingoni.
Boti ilipoachia, yule kijana alikaa juu ya pikipiki humo humo, kashika usukani katikati ya mizigo na kuku. Nikaifuata kwa kile kiduara nilichobaki nacho. Nyekundu. Halafu nusu. Halafu maji matupu. Nikamwambia Zaina imekwenda.
Akasema bado, iko hapa karibu, hata namba inasomeka. Akanigeuza kichwa taratibu kwa mkono wake mzima, huku, hapana, huku kidogo. Nikatafuta. Sikuipata.
Tulisimama pale mpaka yeye aliponiambia kwamba imekwenda.