Kotimiri Haiingii

Brooklyn Park, Minnesota
20 Juni 1996

Kaka yangu Silas,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Valentina na watoto, na kwamba jiko lako la nyama choma halikosi wateja hata Jumatatu. Mimi ni mzima. Theluji imekwisha na nimeacha kuvaa makoti mawili. Mwishoni nina ombi zito, lakini usirukie mwisho, nakujua.

Unamkumbuka Hernán, yule Muajentina ninayehudumia naye wazee kwenye makao yao kule Crystal? Mama yake, Mama Nélida, amekuja kumtembelea. Siku ya kwanza alinipima kwa macho kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, kisha akauliza kama naweza kutengeneza chimichuri. Hiyo ni sosi ya kwao ya kumwagia nyama ya kuchoma: majani, kitunguu saumu, siki na mafuta. Nikamjibu kwa majivuno yote ya ukoo wetu kwamba mimi ni dada wa mchoma nyama. Nilitaka mama yule anikubali, kaka. Nilitaka sana.

Basi nikaingia jikoni nikafanya kama ninavyofanya kachumbari. Nikakatakata kotimiri fungu zima, nikaweka nyanya, nikakamulia ndimu. Mama Nélida alionja kwa ncha ya kijiko, akakiweka chini, akamwambia Hernán anitafsirie kwamba saladi yangu ni nzuri. Saladi! Nililia bafuni, sikufichi.

Kesho yake nilimfuata mwenyewe nikamwomba anifundishe. Akasema kotimiri haiingii, nyanya haiingii, na ndimu ndiyo kabisa. Jani lake ni parsili, linafanana na kotimiri ila halina ile harufu. Chumvi huyeyushwa kwanza kwenye maji ya moto. Pilipili ni ya kukaushwa, tena kidogo, maana hao watu hawaiwezi. Na majani hukatwa kwa kisu, halafu sosi hulazwa mpaka kesho yake. Lois, Mkenya ninayeishi naye, aliponiona nimeinamia kibao alicheka, akaniambia si ni-blend tu nimalize, nitachelewa shift. Nilikataa. Mkono ulikufa ganzi, lakini kisu sikukiacha.

Jumapili iliyopita Hernán alichoma nyama kando ya ziwa, wakaja jamaa zao. Pakazuka ubishi, kaka, ungedhani ni Simba na Yanga. Mzee mmoja alishikilia kwamba kwao huweka kitunguu maji, mwingine akasema anayeweka kitunguu maji si Muajentina. Mama Nélida aliwaacha wabishane. Akachovya mkate kwenye bakuli langu la sosi, akala, akachovya tena.

Wana desturi ya kumpigia makofi mchomaji wakiwa bado mezani. Walipoanza kumpigia Hernán, mama yake aliwanyamazisha, akanishika mkono akaniinua, akawaambia kwamba sosi waliyoimaliza ni ya kwao halisi na imetoka kwenye mkono huu. Wakanipigia makofi, hata yule wa kitunguu maji. Mimi Ephrasia wa Machame! Nilijaa fahari mpaka nikashindwa kula.

Sasa ombi lenyewe. Hernán anataka kunioa, nami nataka. Nimemwambia wazi kwamba tangu Baba afariki mwenye kauli nyumbani ni wewe, na usipokubali sitaolewa. Mama Nélida aliposikia hayo, asubuhi ya Jumapili hiyo kabla moto haujawashwa, aliuliza kwetu mtu kama huyo huheshimiwaje penye nyama. Nikamweleza kwamba kidari hutengewa mkubwa wa nyumba, na asipokuwepo hakuna anayekigusa. Alichukua kisu, akakikata kidari kizima, kile ambacho wageni wake wote hukitamani, akakifunga vizuri na kukitia kwenye friza. Wageni walipouliza kiko wapi, akawajibu kwamba kina mwenyewe, na mwenyewe bado hajajibu.

Nisalimie wifi, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie shangazi dawa zake nitampa mtu anayekuja mwezi ujao. Nawe ukishaamua, niandikie siku hiyo hiyo. Ukikubali, chimichuri yako nitaikata mwenyewe, kwa kisu.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja jibu pamoja na kidari chako,

Ephrasia